Maoni: RAM isiyofaa ni hasara ambayo mnunuzi asiachiwe peke yake

Kila mwisho wa mwaka wa masomo, sekretariati za umma karibu na vyuo vikuu vya Goma, Bukavu, Butembo na Bunia hujaa wanafunzi. Mmoja anasahihisha TFC, mwingine anachapa kurasa za mwisho, wa tatu anangoja zamu yake. Mwenye sekretariati anafungua Word, kisha kivinjari cha intaneti, kisha faili ya PDF iliyoskaniwa, na ordinatere inasimama. Kishale kinazunguka. Wateja wanatazamana. Wawili wanatoka na kuvuka barabara kwenda kwa jirani.

Fundi anayeitwa anatoa jibu moja tu: ongeza RAM. Jibu hilo mara nyingi ni la haki. Shida inaanza pale dukani, kwa sababu hakuna anayeuliza ni RAM gani. Mnunuzi anasema "giga nne", muuzaji anatoa bareti kwenye boksi, feza zinalipwa. Jioni bareti haiingii katika nafasi yake, ama inaingia na mashine inapiga bipu bila kuonyesha kitu. Kesho yake, nyuma ya meza ya duka, kuna karatasi iliyobandikwa: kilichouzwa hakirudishwi.

Hasara hiyo inaonekana ndogo. Kwa mtu aliyenunua mashine ya okazion kwa akiba ya miezi mingi, si ndogo hata kidogo. Na leo inaumiza kuliko zamani. Tangu mwisho wa mwaka 2025, bei ya RAM imepanda sana duniani. Viwanda vitatu vinavyotengeneza sehemu kubwa ya memware hizo, Samsung, SK Hynix na Micron, vimeelekeza nguvu kwenye mashine kubwa za akili bandia, zinazolipa vizuri zaidi. Mwezi wa 12 mwaka 2025 Micron ilitangaza kwamba inaacha kuuzia watu wa kawaida bareti zake za jina la Crucial. Bareti iliyonunuliwa vibaya leo haibadilishwi kirahisi kwa feza za mfukoni.

Wakati huohuo, mashine za zamani hazitatoka kesho. Microsoft iliacha kuhudumia Windows 10 tarehe 14 mwezi wa 10 mwaka 2025, na Windows 11 inadai mambo ambayo ordinatere nyingi za okazion hazina: chipu ya usalama ya TPM 2.0 na, kwa upande wa Intel, prosesa ya kizazi cha 8 kuendelea. Hapo kuna uongo mmoja unaopaswa kusemwa wazi. Kuongeza RAM hakuifanyi mashine ya mwaka 2010 ikubalike kwa Windows 11. Anayeuza bareti kwa ahadi hiyo anadanganya. Ila kuongeza RAM inayofaa kunaweza kuipa mashine hiyo miaka mingine ya kuchapa, kuskani na kufundisha watoto, hasa kama mwenyewe atakubali kuweka mfumo wa bure kama Linux Mint, unaoridhika na giga 4.

Kwa hiyo swali si kama watu waongeze RAM ama wasiongeze. Swali ni nani anabeba mzigo wa kujua ni ipi inafaa. Kwa sasa mzigo wote uko kichwani mwa mnunuzi, ambaye ndiye anajua kidogo kuliko wote.

Mambo yenyewe si siri. RAM inakwenda kwa vizazi, na vizazi havichanganyiki. DDR2 ilifuatwa na DDR3 mwaka 2007, DDR4 ikaingia sokoni mwaka 2014, na DDR5 ikaanza kufika kwenye ordinatere za watu mwaka 2021. Kila kizazi kina volti zake: DDR2 inatumia 1.8, DDR3 inatumia 1.5, DDR4 inatumia 1.2. Bareti za DDR2 na za DDR3 za ordinatere ya mezani zote zina meno 240, na kwa macho ya haraka ni mapacha. Kinachozitenganisha ni kile kipengo kidogo kati ya meno. Waliotengeneza walikihamisha makusudi ili mtu asikosee. Mwenye kulazimisha kwa kidole gumba anavunja ulinzi huo, na mara nyingine anavunja nafasi ya kadi mama pamoja nao.

Jina lililoandikwa mbele ya mashine halitoshi. Mfano mzuri ni Dell, ambayo imejaa katika ofisi na shule za mashariki. OptiPlex 760 na OptiPlex 780 zinafanana kwa umbo, na zote zinatumia prosesa za familia ya Core 2. Lakini 760 inakula DDR2, na 780 inakula DDR3. HP nayo ina EliteDesk 800 G1 inayotumia DDR3, na ndugu yake G2 inayotumia DDR4. Herufi moja na namba moja zinatosha kupoteza feza. Kuna la ajabu zaidi: Dell iliuza OptiPlex 7010 mwaka 2012 ikiwa na DDR3, kisha mwaka 2023 ikarudisha jina lilelile la 7010 kwa mashine mpya kabisa ambayo haikubali DDR3. Anayepiga simu dukani na kusema "nina 7010" hajasema kitu bado.

Ukubwa wa sanduku nao unadanganya. Mtu anaona ordinatere ya mezani na kudhani inahitaji bareti ndefu. Zile ndogo sana, zinazoweza kufungwa nyuma ya skrini, mara nyingi zinatumia bareti fupi za laptop. OptiPlex 9020 ya sanduku kubwa inatumia bareti ndefu. 9020 Micro inatumia fupi. Ni jina moja, duka moja, na bareti mbili ambazo haziwezi kubadilishana.

Zote hizo ni hasara zinazoonekana, kwa sababu bareti inakataa kuingia. Mbaya zaidi ni bareti inayoingia vizuri, ikabana, na bado mashine ikakataa kuwaka. Hapo ndipo fundi asiyejua anaanza kulaumu alimenti, kisha prosesa, kisha umeme, na bili ya mteja inaongezeka.

Ya kwanza katika kundi hilo ni RAM ya seva. Kampuni kubwa zikitupa seva zao za zamani, bareti zake zinauzwa kwa bei ya chini. Bareti ya DDR3 ya seva ina umbo na kipengo sawa na ya ordinatere ya kawaida, lakini ordinatere ya kawaida haiwezi kuisoma. Alama iko kwenye karatasi yake: baada ya maneno kama PC3-10600 kuna herufi. R inaonyesha ya seva. U inaonyesha ya kawaida. Ni herufi moja, na ndiyo yenye feza zote.

Ya pili ni zile bareti za DDR2 na DDR3 zinazotoka China, zilizoandikwa kwamba ni za AMD peke yake. Zimejengwa kwa chipu za mpangilio ambao mashine za AMD za wakati huo zinaukubali na za Intel zinaukataa. Mtu mwenye Intel akizinunua kwa sababu ni rahisi, amenunua kipande cha plastiki ya kijani. Maneno hayo mara nyingi yameandikwa kwenye tangazo la muuzaji wa kule China. Yakifika huku, karatasi imebadilishwa ama imetoka.

Ya tatu inawashangaza hata mafundi wazuri. Mashine za Core 2 haziwezi kusoma chipu nzito za kisasa. OptiPlex 780 ina nafasi nne na inakubali jumla ya giga 16, maana yake giga 4 katika kila nafasi. Bareti moja ya giga 8 si yake, hata kama ni DDR3 halali. Na hata ile ya giga 4, inayofaa zaidi ni yenye chipu 16, nane kila upande. Ile ya upande mmoja yenye chipu nane tu, ingawa ni mpya na inang'aa, inaweza kukataliwa. Kuhesabu vipande vyeusi kabla ya kulipa kunachukua muda wa kunywa maji.

Baadaye kuna mambo ya namba. Watu wengi wanaona PC3-12800 na kudhani ni kubwa kuliko PC3-10600 kwa nafasi. Hiyo ni kasi, si ukubwa: ya kwanza ni DDR3 ya 1600, ya pili ni DDR3 ya 1333. Zikiwekwa pamoja, kwa kawaida zote zinatembea kwa mwendo wa ile ya polepole. Si dhambi, mashine itafanya kazi. Ila kulipa zaidi kwa kasi ambayo haitatumika ni kutupa feza. Kwa upande mwingine, bareti mbili zinazofanana za giga 4, zikiwekwa katika nafasi zenye rangi moja, kwa kawaida zinatumika vizuri kuliko bareti moja ya giga 8, kwa sababu prosesa inazisoma zote mbili kwa pamoja.

Na kuna shimo moja ambalo limemeza feza za wengi bila kelele: Windows ya biti 32. Mfumo huo wa matumizi ya kawaida hauoni zaidi ya giga 4, na katika matumizi unabakiza kama giga 3 na kidogo. Mtu anaweza kununua bareti halali, ya kizazi halali, ikaingia na kusomeka, na mashine ikabaki vilevile. Si kosa la bareti. Fundi alipaswa kutazama mfumo kwanza, kazi ya dakika moja.

Vilevile, RAM si dawa ya kila ugonjwa. Katika Windows 10, mtu akibonyeza Ctrl, Shift na Esc pamoja, akafungua sehemu ya Performance na kuchagua Mémoire, anaona RAM imetumika kwa kiasi gani na nafasi ngapi zimejaa. Kama mashine imelemewa huku RAM imefika asilimia 90 na zaidi, RAM inahitajika kweli. Kama iko nusu tu na mashine bado inatambaa, mara nyingi mgonjwa ni diski ya zamani inayozunguka. Hapo SSD ndogo itasaidia kuliko bareti yoyote. Fundi anayesema "usinunue RAM, nunua SSD" anaweza kupoteza mauzo ya leo, lakini mteja huyo atarudi kwake miaka kumi.

Wauzaji wana utetezi wao, na ni lazima usikilizwe. Wanasema bidhaa zinapita mbali, kutoka Guangzhou, Dubai ama Kampala, na wao wenyewe hawana mahali pa kurudisha mbovu. Wanasema pia kwamba wateja wengine si waaminifu: mtu ananunua bareti nzima, anarudi na mbovu aliyoitoa kwenye mashine yake ya zamani, na kudai feza. Wengine wanaishika bila kuchomoa waya wa umeme, wanaiunguza, kisha wanamlaumu muuzaji. Hayo yote yanatokea. Muuzaji wa duka dogo naye ana watoto wa kulisha.

Lakini utetezi huo hauelekei kwenye karatasi ya "kilichouzwa hakirudishwi". Unaelekea kwenye njia nyingine, ambayo haigharimu kitu. Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Kama kila bareti ina namba yake ya pekee iliyochapwa kwenye karatasi yake, muuzaji anaweza kuiandika kwenye fakture pamoja na kizazi, ukubwa na kasi. Kwa mfano: DDR3, giga 4, PC3-10600U, ya ordinatere ya mezani, namba fulani. Mteja akirudi na bareti nyingine, namba itamfichua mbele ya watu. Akirudi na ileile, muuzaji hana sababu ya kumkataa. Mstari mmoja wa kalamu unawalinda wote wawili.

Kisha kuna kupima. Duka linalouza RAM linaweza kuwa na mashine moja ya DDR3 na moja ya DDR4 pale mezani, bila hata kifuniko. Bareti inawekwa, mashine inawashwa, mnunuzi anaona kwa macho yake kwamba inasomeka. Windows yenyewe ina kipimo cha memware kinachofanya kazi bila intaneti: mtu anaandika mdsched katika sehemu ya kutafuta, mashine inazimika, inawaka na kupima. Kwa anayetaka uhakika zaidi, MemTest86 ya bure inawekwa kwenye ufunguo wa USB na kuachwa usiku kucha. Maduka ya simu huku yamezoea kumwashia mteja simu kabla hajalipa. Hakuna sababu RAM inunuliwe kama bahati nasibu.

Mnunuzi naye hana haki ya kukaa bila kujua. Kuna njia moja ambayo haikosei mara nyingi: kwenda dukani na bareti ya zamani mkononi. Mashine inazimwa, waya wa umeme unachomolewa, kitufe cha kuwasha kinabonyezwa mara moja ili umeme uliobaki utoke, mkono unagusa chuma cha sanduku, kisha vishikizo viwili vya pembeni vinasukumwa na bareti inatoka yenyewe. Karatasi yake inaeleza karibu yote. Asiyeweza kuitoa aipige picha kwa simu, pamoja na jina kamili la mashine na namba iliyo nyuma yake. Mwenye intaneti anaweza kuandika jina hilo kwenye ukurasa wa mtengenezaji na kuona giga za juu zinazokubaliwa. Programu ndogo ya bure ya CPU-Z nayo inaonyesha kizazi na kasi. Na mara nyingine, kabla ya kutoa hata franka moja, bareti ya zamani inahitaji tu kusuguliwa meno yake kwa gome safi ya mwanafunzi na kurudishwa vizuri.

Vyuo vya informatique vina sehemu yao pia. Mwanafunzi anaweza kumaliza miaka mitatu akijua kueleza kwenye karatasi ya mtihani maana ya RAM na ROM bila kuwahi kushika bareti ya DDR2 na ya DDR3 kwa pamoja. Ordinatere tano mbovu katika chumba kimoja, za vizazi tofauti, zingefundisha zaidi kuliko kurasa hamsini za silabusi. Mashine hizo mbovu zipo tayari, zimelala katika stoo za shule na mashirika, zinakusanya vumbi.

Kuna jambo moja la mwisho ambalo wakaaji wa mashariki wana haki ya kulikumbuka wakiwa mbele ya meza ya duka. Meno yale ya njano ya bareti yamepakwa dhahabu. Vipande vyake vimeshikizwa kwa risasi ya kulehemu yenye bati. Dhahabu inachimbwa Ituri na Kivu Kusini, madini ya bati yanachimbwa Walikale na kwingineko Kivu. Inchi hii inatoa udongo wake, na mwana wake anarudi kununua kipande kidogo kilichotoka mbali, kwa bei ya juu, bila hata fakture inayosema ni nini amenunua. Bei ya dunia haiwezi kubadilishwa kutoka soko la Virunga wala soko la Kadutu. Lakini kuandika mstari mmoja kwenye fakture, kupima bareti kabla ya kupokea feza, na kukubali kuirudisha ndani ya siku tatu kama namba ni ileile, hayo yanaweza kuanza Jumatatu asubuhi bila kungoja serikali.

Muuzaji wa kwanza atakayeondoa ile karatasi ukutani na kuweka mashine ya kupimia mahali pake hatapoteza wateja. Wenye sekretariati wanazungumza, wanafunzi wanazungumza, na habari ya duka la haki inafika mbali.